Sentensi ya Kilojban: anza na nafasi, tafsiri itafuata

Wiki zangu tatu za kwanza za kujifunza Kilojban zilipotea bure. Nilikuwa na daftari la safu mbili, neno la Kilojban kushoto, maana yake kwa Kiswahili kulia, nikawa nakariri kama tulivyokariri misamiati shuleni. “Prami”, kupenda. “Klama”, kwenda. “Dunda”, kutoa. Maneno yalikaa kichwani vizuri tu, lakini kila nikitunga sentensi inarudi imesahihishwa. Naandika haya kwa Mswahili anayeanza leo, kwa kuwa maelezo niliyoyapata yalimlenga mtu anayefikiri kwa Kiingereza. Sisi hukwama mahali pengine, na kuna mahali ambapo kwetu ni mteremko mtupu.

Kwa asiyeifahamu, hii ni lugha ya kubuni. Mzizi wake ni Loglan, lugha aliyoanza kuiunda James Cooke Brown huko Marekani mwaka 1955, akitaka kupima kama lugha inaathiri namna mtu anavyofikiri. Mwaka 1987 kundi liitwalo Logical Language Group likaanza kujenga Kilojban juu ya wazo hilohilo, na sarufi yake kamili ikachapishwa 1997. Mizizi yake ni zaidi ya 1,300, kila mmoja una herufi tano, na iliundwa kwa kuchanganya sauti za Kichina, Kiingereza, Kihindi, Kihispania, Kirusi na Kiarabu.

Matamshi hayatakusumbua. Irabu a, e, i, o, u ni zetu hizi hizi, na mkazo wa mzizi uko silabi ya pili kutoka mwisho, kama tunavyosema “kitábu”. Kumbuka tu kwamba c hutamkwa sh, na x ni kh.

Sasa sentensi. Yenyewe huitwa “bridi”. Ndani yake kuna “selbri”, yaani neno linalotaja uhusiano, na “sumti”, yaani vitu vinavyohusiana. Usihangaike kuuliza kama selbri ni kitenzi, nomino au kivumishi, maana mgawanyo huo haupo. “Mlatu” ni kuwa paka, “melbi” ni kuwa mzuri, “prami” ni kupenda, na yote hufanya kazi kwa namna moja. “Mi prami do”: nakupenda. “Do melbi”: wewe ni mzuri. “Ti mlatu”: huyu ni paka. Neno “ni” halipo, usilitafute. Wala hakuna ngeli, umoja na wingi, au wakati usipoutaja. “Mi klama” inaweza kuwa nilikwenda, ninakwenda au nitakwenda. Ukitaka kutaja wakati unaweka “pu” kwa uliopita, “ca” kwa uliopo, “ba” kwa ujao.

Jambo lililonifungua macho ni hili: kila selbri huja na nafasi zake, na kila nafasi ina mwenyewe. “Klama” ina tano. Anayekwenda, anakokwenda, anakotoka, anakopita, anachosafiria. Ukizijaza kwa mpangilio huo huhitaji “kwa”, “kutoka” wala “kupitia”:

Mi klama lo zarci lo zdani lo dargu lo karce.

Nakwenda sokoni kutoka nyumbani, napita barabarani, kwa gari. Hiyo “lo” hugeuza selbri kuwa kitu: “zarci” ni kuwa soko, “lo zarci” ni soko lenyewe. Nafasi usiyoihitaji mwishoni unaiacha. Ukitaka kuruka ya katikati, unaweka “zo'e” kushika kiti, au unaitaja nafasi kwa jina lake: “mi klama fi lo zdani”, natoka nyumbani, kwa sababu “fi” huelekeza moja kwa moja kwenye nafasi ya tatu.

Hapa ndipo Kiswahili kiliponiponza. Nilitaka kusema “nimempa mtoto kitabu”, nikaandika:

Mi dunda lo verba lo cukta.

Mwanafunzi mwenzangu aliyenitangulia akanijibu kwa upole kwamba nimemtoa mtoto, nikamkabidhi kwa kitabu. Nafasi za “dunda” ni mtoaji, kitolewacho, kisha mpokeaji. Kwa hiyo ni “mi dunda lo cukta lo verba”. Nililitafakari kosa hilo kwa muda mrefu. Kwetu ile -m- ndani ya “nimempa” ndiyo inayomwonyesha mpokeaji, hata ukisema “nimempa kitabu mtoto” hakuna atakayepotea. Kilojban hakina -m-. Kazi yote imebebwa na mpangilio, na mazoea ya kumtaja mtu kabla ya kitu yanakupeleka pabaya.

Siku hiyo nililiacha daftari la safu mbili nikaanza jingine. Kila neno nikalichorea visanduku: “dunda” vitatu, “klama” vitano, “prami” viwili, na ndani ya kila kisanduku naandika nani au nini anakaa humo. Maneno kumi yaliyojifunzwa hivi yamenisaidia kuliko yale mia niliyokariri.

Kosa la pili nililolirudia sana ni kusahau “cu”. Paka anakula samaki ni “lo mlatu cu citka lo finpe”. Mwanzo niliidhani “cu” ndiyo “ni” yetu. Siyo. Ni ukuta kati ya kitu na selbri. Ukiuondoa, “mlatu citka” yanashikana kuwa neno moja la maana, mlaji wa kipaka hivi, na unabaki na vitu viwili vilivyokaa bila uhusiano wowote: mlaji wa kipaka, samaki. Iko programu iitwayo camxes inayochambua sentensi na kuonyesha kipi kimeshikana na kipi. Ipitishie kila sentensi yako mwanzoni. Utaona pia kwamba maneno yakishikana, la mwisho ndilo bwana, kinyume na sisi: paka mzuri ni “lo melbi mlatu”.

Baada ya hayo, mteremko. “Se” hubadilishana nafasi ya kwanza na ya pili, na sisi tuna kauli ya kutendwa tangu utotoni: “do se prami mi”, unapendwa nami. Ukiweka “lo” mbele, utakutana na ndugu zako: “lo prami” ni mwenye kupenda, “lo se prami” ni mpendwa. “Lo citka” ni mlaji, “lo se citka” ni kinacholiwa. Anayejua kutofautisha mpenda na mpendwa hana haja ya kufundishwa “se” mara mbili.

Maswali nayo ni yaleyale. “Xu” husimama mwanzoni kama “je”: “xu do klama”, je, unakwenda? Na “ma” hukaa palepale ambapo jibu lingekaa, kama tunavyosema “unakwenda wapi” bila kupanga upya sentensi: “do klama ma”.

Kwa zoezi la leo, chukua “tavla”. Chora visanduku vinne: msemaji, mwambiwa, habari, lugha. Kisha isogeze “ma” kisanduku kwa kisanduku. “Ma tavla do”, nani anaongea nawe? “Do tavla ma”, unaongea na nani? “Do tavla mi ma”, unaniambia habari gani? “Do tavla mi lo cukta ma”, unanisimulia habari za kitabu kwa lugha gani? Neno ni lilelile moja, “ma”, na kila liliposogea Kiswahili kimelazimika kulitafsiri upya.