Unatengeneza gemu la ushabiki? Soma hili kwanza

Barua yenyewe haikuja kwangu. Ilikwenda kwenye tovuti nilikokuwa nimeweka gemu langu. Wao wakalishusha, kisha wakanitumia mistari michache: kazi yako imeondolewa kwa madai ya hakimiliki, ukiona tumekosea bonyeza hapa. Ilikuwa saa kumi na moja na nusu alfajiri, najiandaa kuwahi gari. Nikafungua ukurasa wangu, haupo. Miaka miwili na nusu ya kukesha na laptopu ya mkono wa pili isiyokaa na chaji, imekwenda.

Lilikuwa gemu la ushabiki, yaani shabiki anachukua mhusika wa wenyewe anamtengenezea gemu lake. Langu lilikuwa la shujaa mmoja maarufu wa kampuni kubwa ya nje. Simtaji yeye wala kampuni. Nilimjua nikiwa darasa la tatu, kwenye banda la gemu la mtaani, tukigombania padi yenye kitufe kimoja kibovu. Nilipojifunza kuandika programu nikamleta kwetu: anaruka juu ya mapaa ya daladala, anakwepa bodaboda, anaokota ndala mahali pa sarafu. Nilidhani namuenzi. Wenye mali hawakuliona hivyo, na nikisema kweli, kisheria hawakukosea.

Tangu hapo haupiti mwezi bila kijana kuniandikia: "Kaka, natengeneza gemu la fulani, lakini natoa bure, kuna shida?"

Shida ipo, mdogo wangu. Hilo neno "bure" ndilo linalotuponza wengi. Hakimiliki haianzi kwa kukuuliza umeuza au hujauza, inaanza kwa kukuuliza umenakili au hujanakili. Pokémon Uranium, gemu la mashabiki wa Pokémon, ilitolewa bure Agosti 2016 baada ya miaka tisa ya kazi, ikapakuliwa zaidi ya mara milioni moja na nusu, na haikumaliza mwezi kabla waundaji hawajaondoa viungo vya kupakulia, baada ya mawakili wa Nintendo, kampuni ya magemu ya Japani, kuzibana tovuti zilizokuwa zikilihifadhi. Mwezi huohuo Milton Guasti wa Argentina alitoa AM2R, gemu la zamani la Metroid, nalo la Nintendo, alilolijenga upya kwa takriban miaka kumi. Nalo bure. Ndani ya siku chache viungo vikaanza kufutwa. Septemba 2017 Nintendo wenyewe wakatoa Metroid: Samus Returns, yaani gemu lilelile la zamani, wamelijenga upya wao. Unapopika kwenye jiko la mtu, huwezi kujua naye ameinjika nini.

Usijidanganye pia kwamba Dar au Mombasa ni mbali. Kenya iliingia Mkataba wa Berne, ule wa nchi kulindiana hakimiliki, mwaka 1993, Tanzania mwaka 1994, kwa hiyo kazi ya Mjapani inalindwa hapa kama inavyolindwa ya kwetu. Ila kwa kawaida hawana haja ya kukufuata mahakamani Kisutu. Tovuti nyingi tunazotumia ziko Marekani, na sheria yao ya mwaka 1998, ile ya DMCA, inaikinga tovuti isidaiwe fidia kwa makosa ya watumiaji wake, mradi inapoletewa notisi ifute haraka. Tovuti haitakaa kupima nani ana haki. Inafuta.

Kuna njia ya kupinga, na ndiyo kile kitufe cha "bonyeza hapa". Nilikaribia kukibonyeza kwa hasira. Kabla hujagusa, soma unachotia saini: unatamka, kwa adhabu ya kusema uongo chini ya kiapo, kwamba unaamini kazi iliondolewa kwa makosa, na unakubali kushtakiwa kwenye mahakama ya shirikisho ya Marekani. Ukishapeleka, mlalamikaji ana siku 10 hadi 14 za kazi kufungua kesi, asipofungua gemu linarudishwa. Kama kila kitu ulichora mwenyewe na mtu anakuonea, njia hiyo ni yako, itumie. Mimi nilikuwa na shujaa wao, jina lao na muziki wao. Ningeapa nini?

Wapo watakaokwambia dawa ni kukaa kimya, utengeneze kwa siri mpaka liishe ndipo ulimwage mtandaoni. Wana hoja. Chrono Trigger: Crimson Echoes, gemu jingine la mashabiki, ilizimwa na Square Enix, wenye Chrono Trigger yenyewe, Mei 2009 ikiwa imebaki wiki chache itoke, na Pokémon Prism ikapigwa vivyo hivyo Desemba 2016 baada ya miaka kama minane, kwa sababu tarehe ilikwisha tangazwa na dunia nzima inaijua. AM2R angalau iliwahi kusambaa. Lakini mimi ushauri huo siupendi. Unaliokoa gemu, wewe mwenyewe haukuokoi, unabaki na kazi nzuri usiyoweza kuiuza wala kuiweka kwenye ukurasa wako kwa amani.

Mtu niliyejifunza kwake si mmoja, ni kundi. Vijana waliojiita Mane6 walikuwa wanatengeneza gemu la kupigana la wale farasi wadogo wa My Little Pony. Mwanzoni mwa 2013 Hasbro, wenye farasi hao, wakawaandikia waache. Hawakutukana, hawakukimbilia tovuti nyingine. Lauren Faust, yule aliyekibuni kipindi cha katuni chenyewe kwa sura yake mpya, akajitolea kuwachorea wanyama wengine wenye kwato, wa kwao kabisa. Likatoka Them's Fightin' Herds, likaanza kuuzwa 2018 likiwa bado linamaliziwa, likakamilika 2020. Barua ilichukua farasi. Ustadi wa kupanga mapigo, miezi ya kurekebisha teke liingie pale linapotakiwa, hayo yalibaki mikononi mwao.

Basi nikarudi kwenye laptopu. Jumamosi nzima nilikuwa nahesabu kipi chao, kipi changu. Picha 61 zilikuwa zao, nyimbo nne, na jina la gemu. Mengine yote, barabara, mapaa, magari, mtu wa bodaboda anayegeuka nyuma kukutukana, yangu. Kilichonitesa ni msimbo, yaani maandishi ya programu yenyewe. Jina la shujaa nilikuwa nimeliandika kila mahali, kwenye faili za kuruka, za kuanguka, hata za taa za barabarani, Mungu anajua kwa nini. Kuling'oa kulinichukua wiki tatu, na kila nikitoa moja gari moja linapotea hewani. Kwa hiyo hata kama leo unafanya la ushabiki kwa kujifunza tu, na kujifunza si dhambi, mchezaji muite "mchezaji". Picha na sauti za watu ziweke folda moja peke yake. Siku ya kuhama unabadilisha folda tu.

Nikamweka konda. Mwanzoni alikuwa yule shujaa aliyevalishwa shati la konda: anaelea hewani, anatua kama unyoya. Haikukaa sawa hata kidogo. Konda mwenye pochi ya chenji kiunoni haelei! Nikamwongezea uzito, nikampunguzia urefu wa kuruka, nikampa sekunde moja ya kuning'inia mlangoni kabla hajajirusha paa lingine. Hiyo sekunde ndiyo ikawa gemu lote. Nilipochambua maoni ya wachezaji wa zamani, yale machache niliyokuwa nimeyapiga picha (mengine yalikwenda na ukurasa, nawe hifadhi ya kwako leo), nikakuta wanasifia ndala, foleni na zile kelele za "twende Mbagala". Shujaa alitajwa mara mbili, mara zote mbili kulalamika kwamba sikumchora vizuri.

Sasa, kuachana na sura ya mtu si ruhusa ya kunakili kila kilichobaki. Kuruka juu ya adui akafa hakumilikiwi na mtu, kanuni za mchezo ni wazo tu. Lakini mwaka 2012 mahakama ya New Jersey iliwaangusha kampuni ya Xio, waliotengeneza mfano wa Tetris, lile gemu la kupanga vipande vinavyoanguka. Walijitetea kwamba kanuni ni huru, jaji akakubali, ila akaona wamebeba na mwonekano mzima, maumbo ya vipande hadi ukubwa wa uwanja. Kwa hiyo kipimo changu ni hiki: mpe mtu picha moja ya gemu lako bila maneno, umuulize hili gemu gani. Akitaja la wenyewe, bado hujahama.

Ziko kampuni zenye moyo mwingine. Valve waliruhusu Black Mesa, lililojengwa na mashabiki wa gemu lao la Half-Life, liuzwe kwenye duka lao. Sega, wenye gemu la Sonic, walimchukua Christian Whitehead, aliyeanzia kwenye magemu ya ushabiki, Sonic Mania likatoka 2017. Ila Sega haohao mwaka 2011 walitaka Streets of Rage Remake, gemu lao la zamani lililojengwa upya na mashabiki, liondolewe, kazi ya miaka minane. Hivyo usipange maisha yako kwa tabia ya kampuni. Omba kwa maandishi, na wakikaa kimya usihesabu kwamba wamekubali.

Mwezi uliopita kijana mmoja wa Tanga kaniandikia anaomba kumtumia konda wangu kwenye gemu lake. Nilikaa na ule ujumbe siku mbili bila kujibu, kitu ambacho sikukitegemea. Nimemwambia sawa, ila asimvalishe viatu.