Je, Ada ya Ghala la Jumla Inarudi kwa Nyumba ya Watu Wawili?

SWALI: Mhariri, salaam. Binti yangu anaishi Houston, nchini Marekani, pamoja na mume wake, na bado hawajajaliwa mtoto. Majirani zao Watanzania wanawahimiza wajiunge na Costco, ghala la kuuza bidhaa kwa jumla, ambako mtu hulipa ada ya mwaka kabla ya kuruhusiwa kununua. Wanatumia karibu dola 320 kwa mwezi kwa chakula na mahitaji ya nyumbani, na wanaishi katika fleti ya chumba kimoja yenye friji ya kawaida na friza ndogo juu yake. Ameniomba ushauri kwa sababu anakumbuka jinsi nilivyokuwa nikinunua kwa magunia nilipokuwa ninawalea wao sita, lakini kwa nyumba ya watu wawili sijui nimwambie nini. Je, ada hiyo itarudi? — Mama Furaha, Sakina, Arusha

JIBU: Mama Furaha, shikamoo. Ada yenyewe inaweza kurudi mapema kuliko mnavyodhani. Kinachoweza kuwatia hasara ni chakula kitakachoishia kwenye pipa la taka, na hapo ndipo ningependa wewe na binti yako mtulie na kupiga hesabu.

Inasaidia kwanza kujua maghala haya yalianzishwa kwa ajili ya nani. Mwaka 1976 mfanyabiashara Sol Price alifungua Price Club mjini San Diego, katika jengo lililokuwa la kutunzia ndege, na wateja aliowalenga walikuwa wenye maduka na migahawa midogo waliohitaji kununua kwa jumla na kubeba mzigo wao wenyewe. Costco ilifungua ghala lake la kwanza Seattle mwaka 1983, Sam's Club, ghala jingine la aina hiyo, ikaanza mwaka huohuo katika jimbo la Oklahoma, na mwaka 1993 Costco na Price Club zikaungana. Familia za kawaida zilikaribishwa baadaye katika mfumo uliokwisha kupimwa kwa mahitaji ya mwenye duka, ndiyo maana hata leo mtu anayetaka chupa moja ya mafuta hukuta zimefungwa mbili pamoja. Kwa hiyo binti yako asione kwamba ana kasoro yoyote akiingia mle na kuona kila kitu kimezidi nyumba yake.

Ada nayo ina sababu yake. Costco hujiwekea kikomo cha kuongeza takriban asilimia 14 au 15 tu juu ya bei iliyonunulia bidhaa, na sehemu kubwa ya faida yake hutoka kwenye ada za wanachama, ambazo katika mwaka wa fedha wa 2024 zilifikia zaidi ya dola bilioni 4.8. Kwa maneno mengine, mwanachama hulipia mapema haki ya kuuziwa kwa faida ndogo, na asiponunua vya kutosha atakuwa amewachangia wenzake wanaonunua sana.

Tuje sasa kwenye hesabu ya nyumba yao. Tangu Septemba 2024 ada ya kawaida ya Costco ni dola 65 kwa mwaka, baada ya kupanda kutoka dola 60. Tuchukue kwa tahadhari kwamba bei za ghala ziko chini kwa asilimia 15 kuliko za duka wanakonunua sasa. Ada itarudi wakishanunua vitu vya thamani ya dola 433 hivi kwa mwaka, yaani kama dola 36 kwa mwezi. Watu wawili wanafika hapo bila shida. Lakini neno ninaloomba walizingatie ni kwamba asilimia hiyo ihesabiwe kwa vitu ambavyo wangevinunua hata kama wasingekuwa na kadi. Katika zile dola 320, waandike kando vitu visivyoharibika upesi au vinavyokubali kugandishwa, kama vile mchele, kahawa, sabuni ya kufulia, karatasi za chooni na kuku. Tuseme vinafika dola 120. Punguzo la asilimia 15 ni dola 18 kwa mwezi, ambazo kwa mwaka ni 216, na ukitoa ada inabaki dola 151 mfukoni mwao. Sasa tuseme pia kwamba kila mwezi wanatupa mboga, mikate na maziwa ya dola 10 kwa sababu pakiti zilikuwa kubwa mno: dola 120 zimeondoka, na faida ya mwaka mzima imebaki dola 31. Wakitupa vya dola 15 kwa mwezi, kadi imekwisha kuwala.

Mchele unafaa kuangaliwa kwa karibu, maana najua kwa watoto wa Arusha hauwezi kukosekana. Kule huuzwa katika mifuko ya ratili 25, ambazo ni kilo 11 na kidogo. Ikiwa wanapika mara nne kwa wiki, gramu 300 kila mara, wanatumia kilo 1.2 kwa wiki, na mfuko huo utaisha baada ya wiki tisa. Mchele mweupe ukiwa kwenye ndoo yenye mfuniko unaobana hauna neno kwa muda huo na hata kwa zaidi. Mchele wa kahawia ni habari nyingine, kwa sababu pumba yake ina mafuta, na mafuta hayo huchacha. Huo wanunue mdogo. Mafuta ya kupikia nayo yakishafunguliwa hayapendi kukaa karibu na jiko, na viungo vya chai vikikaa mwaka mzima hubaki rangi tu bila harufu. Hivi vyote waendelee kuvinunua dukani kwao kwa vipimo vidogo, hata kama bei ya kila gramu ni kubwa zaidi.

Akiwa dukani asitazame bei kubwa iliyoandikwa juu. Kwenye lebo ya rafu, kwa kawaida chini na kwa maandishi madogo, huonyeshwa bei kwa kila aunsi, ambayo ni gramu 28 hivi, au kwa kila ratili. Aipige picha lebo ya duka analolizoea, kisha ailinganishe na ya ghala. Zipo bidhaa ambazo duka la kawaida likizipunguzia bei hushuka chini ya ghala, na mtu asiyelinganisha hujikuta ananunua kingi kwa bei ileile.

Pale ghalani watamshawishi pia achukue kadi ya daraja la juu, ambayo ni dola 130 na hurejesha asilimia 2 ya manunuzi. Dola 65 za ziada hazirudi mpaka mtu anunue vitu vya dola 3,250 kwa mwaka, yaani kama 270 kwa mwezi ndani ya ghala hilohilo. Kwa manunuzi ya dola 120 watarejeshewa chini ya dola 29 kwa mwaka mzima. Wasiichukue.

Yapo mambo mawili yanayopunguza hatari. Costco hurudisha ada yote ya mwaka kwa mwanachama asiyeridhika, kwa hiyo wanaweza kujaribu kwa miezi michache huku wakiandika kwenye daftari vilivyonunuliwa na vilivyotupwa, kisha wakaamua. La pili, uanachama mmoja huambatana na kadi ya pili isiyolipiwa kwa mtu mwingine wa nyumba hiyohiyo, hivyo mume na mke wasilipe mara mbili. Kadi haiazimwi kwa rafiki, lakini mzigo ukishafika nyumbani ni wa mwenyewe, na hapa ndipo wale majirani wanaowahimiza wanaweza kuwa msaada wa kweli: nyumba mbili zikagawana fungu la kuku na pakiti ya sabuni, kila mmoja akalipa nusu yake siku hiyohiyo. Hilo, Mama Furaha, halihitaji umfundishe. Alikuona ukilifanya na jirani zako.

Kama ghala liko mbali kiasi cha kutumia nusu saa barabarani, waende mara moja kwa mwezi wakiwa na orodha na wakiwa wameshakula. Wakishindwa hata safari hiyo moja, wasijiunge.

SWALI: Nimekuwa msomaji wa ukurasa huu kwa muda mrefu. Ninaishi na mdogo wangu wa kike hapa Pasua, sisi wawili tu. Wenzangu shuleni wananiambia ninapoteza fedha kwa kununua maharage kwa sado badala ya kuchukua gunia la kilo 100 wakati wa mavuno. Huku kwetu hakuna kadi wala ada, je, hesabu yake ni tofauti? — Mwalimu, Moshi

JIBU: Mwalimu, hesabu ni ileile, isipokuwa ada yako wewe huilipa kwa njia nyingine. Watu wawili wanaokula kilo moja na nusu ya maharage kwa wiki, na hao wanayapenda kweli, watalimaliza gunia la kilo 100 baada ya wiki 66. Utakutana na mavuno ya mwaka unaofuata ukiwa bado na ya mwaka uliopita.

Niliwahi kufanya kosa hilo mwenyewe. Nilinunua gunia soko la Mbuyuni, nikaliegemeza kwenye ukuta wa stoo na kuridhika kwamba nimemaliza kazi ya mwaka. Mwezi wa nne nilipoingiza mkono, ulitoka umefunikwa na vumbi jeupe hadi kwenye kiwiko. Kila punje niliyoishika ilikuwa na tundu la mviringo, safi kabisa, kana kwamba limetobolewa kwa sindano ya kushonea viatu, na nilipoyamwaga kwenye beseni la maji karibu nusu yalielea. Fukusi hao mara nyingi huingia maharage yakiwa bado shambani, wakaja nyumbani ndani ya punje. Joto huwaharakisha, na Moshi, iliyo chini zaidi ya Arusha kwa mamia ya mita, ina joto la kuwatosha. Hata punje zilizosalimika zilinigharimu, kwa kuwa maharage yaliyokaa sana kwenye joto hukataa kuiva, na gesi niliyoichoma ilikula sehemu ya kile nilichodhani nimekiokoa.

Kwa hiyo ushauri wangu ni kwamba ununue gunia, lakini usinunue peke yako. Tafuteni watu wanne, iwe shuleni au kwenye kikoba chako, mchange kabla ya kwenda sokoni na kila mmoja aondoke na kilo 25. Kwenu wawili hizo ni wiki 16 au 17, muda ambao maharage makavu yanavumilia vizuri yakihifadhiwa ipasavyo. Kabla ya kulipa, mwambie muuzaji amimine kidogo mkononi mwako kutoka katikati ya gunia na si juu tu, ung'ate punje moja: iliyokauka hukatika kwa sauti, na iliyo mbichi huacha alama ya jino. Kisha gunia lipimwe mbele yenu, kwenye mizani yenye stika ya Wakala wa Vipimo. Gunia lisilopimwa ni kubahatisha, kama ilivyo kwa lumbesa ya viazi au vitunguu ambayo mkulima hulalamika kila msimu kwamba inampunja. Safari hii anayeweza kupunjwa ni wewe.

Fungu lako lianike juani siku moja, liache lipoe kabisa, kisha ulitie kwenye mfuko usiopitisha hewa, ule wa tabaka tatu ambao maduka ya pembejeo huuita PICS. Ukifungwa vizuri, wadudu waliomo hukosa hewa wakafa bila dawa yoyote. Usiufungue kila siku: toa ya wiki mbili, uyaweke kwenye ndoo ya jikoni, na ufunge tena kwa nguvu.

Unga usiununue kwa mtindo huu. Dona ina kiini cha mahindi ndani yake, na mafuta ya kiini hicho huanza kuchacha baada ya wiki chache. Kiroba cha kilo 25 kwa watu wawili kitakuwa na uchungu kabla hamjafika nusu. Karanga nazo ziwe kidogokidogo, na zenye ukungu, zilizosinyaa au zilizobadilika rangi zisiliwe wala kupewa kuku, kwa sababu ya sumukuvu, ambayo mwaka 2016 iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara baada ya kula mahindi yaliyochafuliwa nayo. Nyama ya kugandisha kwa wingi ningeiacha pia, isipokuwa kama tayari una friza inayofanya kazi kwa ajili ya jambo jingine, maana uniti za LUKU huingia katika bei ya kila kilo, na umeme ukikatika kutwa nzima hasara yote ni yako.

Sabuni ya mche, chumvi na sukari, kama una pa kuviweka pakavu, chukua kwa katoni au kwa mfuko bila wasiwasi.