Kiwanda cha magari kikiyumba, serikali ikiokoe?

SWALI: Nauza spea za pawatila na matrekta hapa Igurusi, Mbarali. Kijiweni tunabishana. Mimi nasema kiwanda cha ndani cha magari kikiyumba, serikali ikimwagie pesa kama Marekani walivyoifanyia General Motors (GM), na ikasimama. Wenzangu wanasema huko ni kutupa kodi. Hata kiwanda cha Zana za Kilimo cha Mbeya kingepewa pesa, leo kingekuwepo. Nani yuko sahihi?

JIBU: Ndugu yangu, wenzako wamekosea kidogo, wewe umekosea zaidi. Tena kosa lako ndilo ninaloletewa kila wiki: kudhani General Motors iliponywa na pesa.

Pesa zilikuja kweli, karibu dola bilioni 50. Lakini Machi 2009 serikali ilimtaka mkuu wa kampuni, Rick Wagoner, aachie kiti. Juni 1 kampuni ikaenda mahakamani kuomba kinga ya ufilisi. Wenye hisa wa zamani wakabaki na makaratasi. Walioikopesha kwa hati fungani wakapewa hisa badala ya fedha zao, kwa hasara. Chapa za Pontiac, Saturn na Hummer zikafutwa, viwanda vikafungwa. Kampuni iliyotoka mahakamani Julai 10 ilikuwa na jina lilelile na mizania, yaani hesabu ya mali na madeni, nyingine kabisa. Na bado, serikali ilipouza hisa zake za mwisho Desemba 2013, zaidi ya dola bilioni 10 hazikurudi.

Waingereza waliichukua kampuni yao ya magari, British Leyland, 1975 wakailisha kodi miaka na miaka. Mabaki yake, MG Rover, yalizimika 2005.

Sasa hesabu. Tarakimu ni za mfano tu. Kiwanda cha kuunganisha matrekta kina gharama za kudumu za shilingi milioni 120 kwa mwezi: mishahara, pango, ulinzi, riba, kiuze kisiuze. Kila trekta likiuzwa, ukitoa bei ya vipande, ushuru, bandari na usafiri, linabakiza milioni 4. Yasipotoka 30 kwa mwezi, ni hasara. Yakitoka 9, shimo ni milioni 84 kila mwezi. Serikali ikitoa bilioni moja, imenunua miezi kumi na mbili isiyotimia. Kwa vitendo hata hiyo haifiki: siku pesa inapoingia benki inakata malimbikizo ya riba, kisha inalipwa mishahara ya nyuma, kisha mawakala wa forodha. Ikifika zamu ya kuagiza kontena la vipande akaunti imekauka, na mwezi wa nne mafundi wanacheza drafti karakana.

Wamarekani walikuwa na hoja moja nzito: wauza vipuri. Ford haikuchukua fedha zile za dharura, lakini bosi wake alikwenda mbele ya Bunge kuunga mkono wenzake waokolewe, maana GM ikianguka ghafla, watengeneza breki na viti wanaowahudumia wote wangeanguka nayo. Kwetu injini, giaboksi na kabini vinakuja ndani ya kontena. Kiwanda kikifa, muuza vipuri anayelia yuko ng'ambo. Na anayekiua mara nyingi ni Noah na kirikuu zilizotumika Japani, zinazopanda mlima Kitonga kila siku.

Kuhusu Zana za Kilimo, hadithi kwamba mashirika ya umma yalikufa kwa kunyimwa pesa imechosha. Benki ya serikali iliyakopesha bila kuuliza yatalipaje, mpaka 1991 ikabidi iundwe LART, chombo cha serikali cha kukusanya madeni chechefu, yaani yaliyoshindikana kulipwa.

Kiwanda cha kuokoa ni kile kinachopata faida kwa kila gari na kuuza idadi ya kutosha, ila kimekabwa na deni la zamani. Hicho kianzie mahakamani. Sheria ya Kampuni ya 2002 inaruhusu ateuliwe msimamizi, wadai wazuiwe, mpango uandikwe. Pesa ya Hazina ije baadaye.

Wanaonikera ni hawa "washauri" wanaozunguka Mbeya na Makambako na andiko la kurasa 60, wakitoza ada kabla, kuziombea AMCOS (vyama vya ushirika vya wakulima) na mashine za kukoboa mpunga "fedha za uokozi". Dira, dhamira, picha za rangi, halafu kiasi kinachoombwa. Ukurasa unaotakiwa haumo: wiki 13 zijazo, kila Jumatatu nini kinaingia, nini kinatoka, nani analipwa kwanza. Mhasibu wa kawaida mwenye daftari na risiti anaumaliza kwa siku mbili. Ukishaandikwa, mara nyingi unaonyesha mashine ya tani 20 inayokoboa tani 2. Hapo dawa ni kuiuza mkanunue ndogo, na mshauri hataki kulisikia hilo kwa sababu halina asilimia yake.

Na wewe mwenye duka: ukilipa amana ya vipuri kwa kiwanda kinachoyumba, kikifilisika unasimama foleni nyuma ya benki, TRA na wafanyakazi. Lipa mzigo ukishushwa Igurusi.