Maswali yenu: Kanisani mpole, nyumbani moto

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Meseji zimekuwa nyingi na karibu zote zimeangukia sehemu moja, nyumbani, yaani hakuna aliyeuliza habari za Ufunuo wala za mwisho wa dunia, watu wanauliza mume, dada wa kazi, luku, shemeji aliyekuja kusalimia akakaa. Nimefurahi kwasababu mimi naamini hapo ndo Ukristo wetu unapimwa, kwa watu wanaotuona tukiwa tumechoka na hatuna wa kumpendezesha. Nimechukua maswali machache, nimeyafupisha na majina nimeyatoa.

Mama wa Kimara anauliza: Mume wangu ni mzee wa kanisa. Huko kila mtu anamsifia upole. Nyumbani anafoka kwa kila kitu, watoto wakisikia geti wanakimbilia chumbani. Nikimwambia anasema namdhalilisha mtumishi wa Mungu. Nifanyeje?

Pole sana mama. Kwanza toa hiyo hofu ya kudhalilisha. Paulo alivyomwandikia Timotheo kuhusu mtu wa kusimamia kanisa alimwambia aangaliwe kwanza nyumba yake, ipo 1 Timotheo 3 mstari wa 4 na 5, mtu asiyejua kuisimamia nyumba yake atalitunzaje Kanisa la Mungu? Kwahiyo wewe kusema hali ya nyumbani kwako hujamvunjia heshima, umesema kitu ambacho Biblia yenyewe inauliza.

Najua na maisha ya hapa mjini yanachangia. Mtu anatoka Kimara bado giza, anabanana kwenye mwendokasi mpaka Kivukoni, kazini bosi anamfokea na yeye anatakiwa acheke na wateja, jioni foleni tena, akifika kwake upole wote umeshaisha huko njiani na nyie ndo mnapata uliobaki, ambao ni sifuri. Uchovu naukubali, ila hauwezi kuwa ruhusa, maana siku hiyohiyo simu ya mchungaji ikiingia sauti inabadilika ghafla inakuwa laini. Kumbe sauti laini anayo.

Usimwambie akiwa ndo anaingia. Subiri aoge ale, watoto wakalale. Na usianze na "wewe siku zote", mtu akisikia hivyo anajiandaa kujitetea. Mpe kitu kimoja alichokifanya, mwambie mfano juzi ulivyogonga geti mtoto alikuwa anafanya homuweki hapa mezani, akaacha kalamu katikati ya hesabu akakimbia, kalamu ikabaki inabiringika. Afu nyamaza, mwache alione hilo. Wakolosai 3:21 inawaambia akina baba wasiwachokoze watoto wao wasije wakakata tamaa, na mtoto anayekimbia sauti ya geti la kwao ameshaanza kukata tamaa. Kisha mwombe jambo moja tu dogo, akiingia, kabla ya kuuliza nani kaacha taa inawaka, amsalimie kila mtu kwa jina lake. Wiki nzima. Asipokusikia tafuta mtu anayemheshimu, mchungaji na mama mchungaji, au mzee mwenzake, mkae.

Lakini mama, hukuandika kama anakupiga na mimi siwezi kunyamaza hapo. Kama anakupiga wewe au anaumiza watoto basi hayo yote ya juu weka pembeni, nenda mahali salama kwanza, kisha nenda Dawati la Jinsia na Watoto polisi au ofisi ya ustawi wa jamii. Watu wanapenda kuwaambia wanawake wavumilie kwasababu uvumilivu ni tunda la Roho. Wagalatia 5 inataja uvumilivu, ndio, na palepale inataja utu wema, fadhili, upole na kiasi, na aliyevikosa hivyo ni yule anayenyanyua mkono. Kumficha sio kumpenda.

Dada wa Tabata: Nina msichana wa kazi, yuko na mimi mwaka wa pili na ni kama mdogo wangu kabisa. Mshahara wake saa ingine unachelewa hata miezi miwili maana na mimi ofisini wananichelewesha. Hajawahi kulalamika. Nakosea na wakati anakula na kulala bure?

Unakosea dada yangu, na nakwambia kwa upendo. Kwanza halali bure. Anaamka kabla yako, anaandaa watoto wa shule, anafua, anadeki, anapika, usiku mtoto akilia anaamka tena. Hicho chumba na hicho chakula kavifanyia kazi.

Kumbukumbu la Torati 24:14 na 15 inasema kibarua maskini apewe ujira wake siku yake, jua lisizame kabla hajapata, kwasababu moyo wake umeutegemea huo. Jua moja tu. Wewe umezamisha ya miezi miwili. Yakobo 5:4 ndo kali zaidi, anasema ujira uliozuiwa unapiga kelele, yaani mtu mwenyewe kakaa kimya jikoni ila hela yake inalia mbele za Mungu. Huyo binti halalamiki kwasababu hana pa kwenda, ndugu zake wako mbali, na akikukorofisha leo usiku atalala wapi? Ukimya wake usiuhesabu kama ameridhika.

Na hata serikali imeshaliona hili, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamhusu na yeye, ana haki ya kupumzika angalau saa 24 mfululizo kila wiki na likizo ya siku 28 kwa mwaka yenye malipo, na mtoto wa chini ya miaka 14 haruhusiwi kabisa kuajiriwa (hili nalisema kwa wote wanaoagiza watoto mikoani). Sasa kama sheria ya nchi inampa hayo, mtu wa Yesu anampaje pungufu?

Leo hii kaa naye chini, mwambie nadaiwa na wewe kiasi hiki, andikeni kwenye daftari wote mkiona, mlipe ulichonacho umtajie tarehe ya kumalizia. Kuanzia mwezi ujao mshahara ukiingia hela yake itoke ya kwanza, kabla ya kikoba, kabla ya kifurushi. Ofisi yako ikichelewa mwambie mapema, usimwache ahesabu siku peke yake.

Halafu kuna kitu kingine hujauliza ila angalia. Angalia sahani yake. Nyumba nyingi samaki wakishakaangwa baba anapata kipande kikubwa, watoto vya katikati, wageni wakitokea na wao, binti aliyewakaanga anakwangua ugali chini ya sufuria na mchuzi, anakula jikoni amekaa kwenye kigoda huku anasikiliza kama ataitwa. Soma Ruthu 2:14. Ruthu alikuwa mgeni, Mmoabu, anaokota masuke yaliyobaki shambani kwa watu, na Boazi mwenye shamba alipofika muda wa kula alimwita aje ale pamoja na wavunaji, akampa bisi kwa mkono wake, akala akashiba mpaka akabakiza. Mwenye mali alimwita asiye na kitu kwenye chakula chake mwenyewe. Mwite mezani huyo binti, na umpakulie samaki kabla ya wewe kujipakulia.

Kaka wa Mbagala: Tumepanga watu sita nyumba moja, luku ni moja. Jirani mmoja ana friji na pasi, anachanga sawa na sisi wenye taa na feni, na saa ingine hachangi kabisa. Nikisema naonekana Mkristo mwenye roho mbaya. Ninyamaze?

Usinyamaze, maana ukinyamaza utaanza kumsema uani kwa wengine na hiyo ndo mbaya zaidi. Kuna watu wanadhani wema ni kukubali kila kitu, matokeo yake wanatabasamu mchana usiku wanalala na hasira.

Mfuate mwenyewe kwanza, Mathayo 18:15 inasema mwendee mkiwa wawili tu, usimtolee mbele ya wapangaji wote umeme ukiwa umekatika na watu wamesimama gizani na simu zinamulika, hapo hata malaika angejibu vibaya. Mwambie jirani, friji lako linafanya kazi usiku na mchana, naomba tupange mchango kwa vitu mtu alivyonavyo. Mkikubaliana yaandikwe yabandikwe ukutani. Mwenye nyumba akiruhusu wekeni submita, kila mtu aone uniti zake, ugomvi unaisha wenyewe. Na uliza pia kwanini hachangi, inawezekana biashara imekata na anaona aibu kusema. Kama ni hivyo mwezi huu mbebeni. Kama hela anayo na hataki tu, mwambie ukweli bila kupandisha sauti, Mithali 15:1, jawabu la upole hugeuza hasira.

Mama wa Ilala: Jirani yangu Mwislamu kila Ramadhani ananiletea futari. Kuna mtu kaniambia Mkristo hatakiwi kula. Ni kweli?

Kula mama, na ushukuru. Paulo kasema wazi 1 Wakorintho 10:27, asiyeamini akikualika na ukapenda kwenda, kula kitakachowekwa mbele yako. Hapa Dar tumelelewa hivyo, Idi tunakula pilau kwao, Krismasi wanakula kwetu. Bakuli lake lisirudi tupu, na mchana wa mfungo waambie wanao wasiende kumlia maandazi mlangoni kwake. Krismasi ukimwalika kuku achinjwe kihalali ili ale akiwa na amani, usimpe mtu chakula cha kumtia wasiwasi.

Baba wa Gongo la Mboto: Shemeji yangu alikuja kutafuta kazi, tulikubaliana mwezi mmoja, sasa ni wa saba. Anaamka saa nne, anaangalia tivii, chakula kikichelewa ananuna. Mke wangu anaogopa kusemwa kwao. Kumwambia aondoke si ukatili?

Hapa watu wengi wanaumia kimyakimya. Ndugu kumpokea ni jambo jema sana na mji huu umejengwa na watu waliopokelewa na shangazi na wajomba, nani hapa mjini hana ndugu aliyelala kwenye kochi lake? Ila Paulo huyuhuyu wa upendo ndo aliyewaandikia Wathesalonike, barua ya pili 3:10, asiyetaka kufanya kazi na asile. Angalia neno hilo, asiyetaka. Aliyetafuta akakosa sio huyo. Kwahiyo kabla hujasema lolote jijibu kwa haki, anatafuta au hatafuti?

Kama anatafuta, endelea naye, mpe na nauli. Kama hatafuti, wewe na mkeo kubalianeni kwanza chumbani muwe na sauti moja, kisha mke wako aanze kuongea kwasababu ni ndugu yake, wewe ukae pembeni yake. Mpeni tarehe, tuseme miezi miwili, na kazi za kufanya hapo nyumbani kuanzia kesho, kuteka maji, kupeleka watoto shule, kusaidia genge. Msimtukane, msimwambie kwa kumnyima chakula wala kufunga tivii kwa nywila, hayo ni maneno mliyoshindwa kuyasema. Tarehe ikifika msaidieni kodi ya mwanzo ya chumba kama mnaweza, au nauli ya kurudi kwao na simu ya heshima kwa wazazi mkieleza wenyewe kabla hajaeleza yeye.

Kijana wa Manzese: Kwenye daladala unawezaje kuwa mwema na wakati kila mtu anasukuma?

Anza na konda. Mpe nauli mapema kabla hajakudai, chenji yake ikizidi rudisha, akisema vibaya usimjibu vibaya maana kutwa nzima ananing'inia mlangoni anatukanwa. Akipanda mama na ndoo ya samaki kutoka Feri usiangalie dirishani ukajifanya umelala, shika ndoo kwanza, harufu utaoga nyumbani.

Dada wa Sinza: Jirani yangu amelazwa Muhimbili wiki ya pili. Nataka kwenda kumwona ila sijui nipeleke nini na niseme nini.

Usisubiri ujue cha kusema. Piga simu kwa anayemuuguza uulize mgonjwa ameruhusiwa kula nini, wengine wamekatazwa chumvi au sukari na wageni wanajaza juisi za boksi kabatini. Ukifika kaa kidogo, salimia, omba maombi mafupi kwa sauti ya chini maana vitanda ni vingi, usimuulize ugonjwa umeanzaje wala usimsimulie habari za mtu aliyekufa na ugonjwa kama wake. Afu mtoe nje yule anayeuguza. Huyo hakuna anayemkumbuka, analala kwenye kiti, nguo moja siku tatu, hajala. Mpe chakula cha moto, mpe nauli mkononi, mwambie aende nyumbani akaoge na kulala, wewe utakaa na mgonjwa mpaka muda wa wageni uishe. Na kabla hujatoka Sinza gonga mlangoni kwao uangalie watoto wamebaki na nani.