Msaidizi wa darasani asimfanyie mtoto kazi

Dada wa Mafinga, umeuliza kama ufurahi kwamba msaidizi wa darasani anakaa kutwa nzima na mwanao mwenye uoni hafifu, hadi kumwandikia. Usifurahi haraka. Wa kumfundisha ni mwalimu. Msaidizi yupo kumrahisishia tu. Utafiti mkubwa wa Uingereza ulioongozwa na Peter Blatchford, ripoti ikatoka 2009, ulionyesha kuwa wanafunzi waliosaidiwa sana na wasaidizi walipiga hatua ndogo kuliko wenzao wa hali ileile. Sababu mojawapo: walikuwa mbali na mwalimu.

Nenda ukae na mwalimu na msaidizi, wote wawili. Mtoto akae mbele, mwanga wa dirishani usimpige usoni, mwalimu asome kwa sauti kila anachoandika ubaoni. Msaidizi amkuzie maandishi kwa maki peni nyeusi, amwonyeshe mstari, kisha asogee akawaangalie wengine. Mtoto akikosea, akosee. Ndiyo shule hiyo.

Jioni mkipukuchua mahindi muulize, “Leo mwalimu alikuuliza nini?” Akisema hakuulizwa, pana kazi. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 ipo upande wako, ila anza na maongezi. Afisa elimu kata baadaye.