Maswali na Majibu: Injini Ikibaki Juu, Anzia Kwenye Pedali

Barua za safari hii karibu zote zinailaumu kabureta. Nikizisoma vizuri naona nyingi kabureta, kifaa kinachochanganya mafuta na hewa, haina kosa. Kosa liko njiani, kati ya pedali ya mafuta na kile kisahani kinachofungua na kufunga koo la kabureta, ambacho hapa nitakiita kipepeo. Njia hiyo ina kebo au fito, springi, bushi (pete ambamo vyuma huzungukia) na viungo vilivyofanya kazi miaka zaidi ya 50. Ikaguliwe kwanza, bisibisi baadaye.

Shikamoo fundi. Nina Volkswagen Beetle ya 1968. Nikiachia mafuta injini inabaki juu, na mara nyingine haishuki mpaka nipige pedali teke. Nimepunguza skrubu ya sailensi (mwendo wa injini bila kukanyaga mafuta), sasa asubuhi inazimika.

Marahaba. Irudishe skrubu ilipokuwa, maana umetibu dalili ukauacha ugonjwa.

Zima injini, toa kisafisha hewa, kisha mtu akanyage pedali na kuiachia polepole huku wewe ukiangalia mkono wa kabureta, ule unaogeuza kipepeo. Ukisitasita au ukigota kabla ya kufika mwisho, fungua skrubu inayobana kebo na uusogeze mkono kwa kidole. Ukijirudisha wenyewe kwa kishindo, kabureta ni nzima na kebo ndiyo inayokwama. Kwenye Beetle kebo hiyo ni ndefu: inatoka kwenye pedali, inapita ndani ya bomba katikati ya sakafu na kwenda hadi injini iliyo nyuma. Uzi mmoja tu ukikatika, ncha yake inakwaruza bomba kila inapopita. Ichomoe uipitishe kwenye kitambaa. Kitambaa kikinasa, nunua kebo mpya. Usiikate ncha hiyo na kuirudisha kebo, kwa sababu uzi wa pili uko njiani kukatika.

Mkono ukikwama hata bila kebo, angalia choki, kisahani kinachopunguza hewa injini ikiwa baridi. Kabureta ya Solex ya gari lako ina choki inayojifungua yenyewe kwa joto la waya wa umeme, na pembeni yake kuna kipande chenye ngazi ambacho skrubu ya sailensi huegemea injini ikiwa baridi. Waya ule ukichomoka, choki haipashwi, na skrubu inabaki kwenye ngazi ya juu hata injini ikichemka. Mimi huanza na waya huo kwa sababu kuuangalia ni kazi ya dakika moja.

Kipimo cha mwisho: injini ikiwa moto na inaunguruma juu, sukuma mkono wa kabureta kuelekea upande wa kufunga. Mlio ukishuka, tatizo ni la viungo au springi. Usiposhuka, kipepeo kimeshafunga. Tafuta hewa inayoingia kwa wizi kwenye gasketi chini ya kabureta, au vizito vilivyokwama ndani ya distribyuta, kifaa kinachogawa moto kwa plagi.

Nakanyaga mpaka sakafuni lakini gari halina mbio. Mafundi wawili wameshasafisha kabureta.

Je, kuna aliyechungulia kama kipepeo kinafunguka chote? Injini ikiwa imezimwa, mtu akanyage hadi mwisho nawe utazame kooni. Kipepeo kinatakiwa kisimame wima kabisa. Kikiwa kimelala nusu, kebo imelegea, mkono wa pedali umepinda, au zulia nene limewekwa chini ya pedali. Hilo la zulia hutokea mara nyingi kuliko mnavyodhani. Ukikaza kebo, usiikaze hadi mwisho: kwenye Beetle huachwa kama milimita 1 kati ya mkono na kizuizi chake pedali ikiwa chini kabisa, ili nguvu ya mguu isiishie kwenye kebo na shafti inayobeba kipepeo.

Gari langu la MGB lina kabureta mbili za aina ya SU. Sailensi iko sawa, lakini nikianza kukanyaga inatetemeka kama ina silinda mbili.

Maelezo yako ni mazuri sana, yamenipunguzia kazi. Sailensi ikiwa sawa na mtetemo ukaanza pale pale unapogusa mafuta, kabureta moja inatangulia kufunguka.

Pasha injini moto, toa visafisha hewa, kisha legeza klampu za shafti inayounganisha kabureta hizo mbili ili kila moja ijitegemee. Sawazisha hewa kwa skrubu za sailensi, robo mzunguko kwa robo mzunguko. Mpira mwembamba wenye ncha moja sikioni na nyingine mdomoni mwa kabureta unatosha kulinganisha mlio. Hapo ndipo unapofika kwenye klampu, na hapo ndipo wengi wanapoharibu. Kila mkono wa shafti hiyo una pini inayokaa ndani ya uma. Pini hizo lazima ziguse uma kwa wakati mmoja, lakini baada ya nafasi ndogo ya bure. Ukibana bila nafasi hiyo, vipepeo havifungi kabisa na sailensi itapanda. Kaza, kisha pandisha injini hadi mizunguko kama 1,500 kwa dakika usikilize tena kabureta zote mbili. Zikitofautiana hapo, legeza klampu moja tu urudie.

Gari linaruka-ruka nikiondoka kwenye gia ya kwanza. Likisimama halina shida.

Kama mafuta yanapelekwa kwa fito badala ya kebo, kagua maunting za injini, yaani mipira inayoishikilia. Zikipasuka, injini inainama unapoachia klachi, fito inavuta au kusukuma kabureta bila mguu wako kusogea, nawe unarukaruka.

Nimefunga springi ya pili, ngumu zaidi, ili mafuta yasikwame. Nimefanya vizuri?

Springi mbili ni busara, maana moja ikikatika nyingine inafunga. Ila ngumu kupita kiasi inakula bushi za shafti na kuchosha kebo, tena inaficha kinachokwama. Ondoa kwanza kinachokwama.

Na mafuta yakikwama ukiwa barabarani: weka gia huru, kanyaga breki kwa nguvu moja bila kupampu, halafu zima injini. Ufunguo usiuchomoe, usukani unaweza kujifunga ungali unatembea. Mfundisheni hivyo kila anayeendesha gari hilo.

Viungo nipake grisi au oili?

Boljointi (viungo vyenye kichwa cha duara), grisi kidogo. Bushi za shafti, tone la oili nyepesi baada ya kufuta uchafu. Grisi nyingi karibu na kabureta hushika vumbi na kuwa msasa. Ukiishika shafti na kuitikisa juu chini ikacheza wazi, oili haitakusaidia: hewa inaingia hapo, na kabureta inahitaji bushi mpya.