Baba anapiga mateke usingizini

Dada wa Ujiji, umeuliza kama baba yako amerogwa, kwa kuwa usiku hupiga kelele na kurusha mateke, mikono ikivuta hewa kana kwamba ni wavu wa dagaa, na siku hizi anasahau. Hapana, dada yangu, hajarogwa.

Tunapoota, ubongo huifunga misuli tutulie. Kwa baadhi ya watu, hasa wanaume waliovuka miaka 50, kufuli hilo hulegea. Madaktari wa Marekani waliieleza hali hii mwaka 1986. Sikufichi: mara nyingi huutangulia kwa miaka ugonjwa wa Parkinson, ule wa kutetemeka na kukakamaa mwili, au wa kupoteza kumbukumbu. Lakini kukoroma na kukatika pumzi usingizini kunaweza kufanana nayo, na kukatika pumzi huko kunatibika. Kwa hiyo mpeleke Maweni, hospitali ya rufaa ya mkoa wa Kigoma, uombe rufaa kwa daktari wa mishipa ya fahamu. Mrekodi kwa simu, na beba dawa zote anazomeza, kwani baadhi ya dawa za sonona huleta hali hii.

Leo usiku mama alale kitanda kingine. Na lile panga la uvunguni, tafadhali, litoe.